Mwanangu anaitwa "mkimbizi" darasani. Je, tuache Kirundi nyumbani?

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi nilizaliwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, wazazi wangu walitoka Burundi mwaka 1972. Tuna uraia wa tajnisi, mimi na mume wangu. Tunaishi Nkuhungu hapa Dodoma, yeye fundi ujenzi, mimi nauza nguo za mtumba Sabasaba. Mtoto wetu wa kwanza ana miaka 13, yuko kidato cha kwanza. Shule ya msingi hakuwa na shida. Mwezi wa tatu bibi yake, mama yangu mzazi, alikwenda kikao cha wazazi kwa sababu sisi tulikuwa kazini. Alisimama kuuliza jambo la chakula cha shule, na wanafunzi waliokuwa dirishani wakacheka lafudhi yake. Tangu siku hiyo mwanangu anaitwa 'mkimbizi', na wengine wanamwita 'Ugari', maana bibi husema ugari badala ya ugali. Sasa Kirundi hataki kukisikia. Bibi akimsemesha anajibu kwa Kiswahili au ananyamaza. Jumapili jioni tumbo linamuuma, Jumatatu asubuhi ni vita. Mtihani wa Machi alikuwa wa 6, wa Juni amekuwa wa 31. Mume wangu anasema tuache Kirundi nyumbani, hata kwa mdogo wake, na bibi asikanyage tena pale shuleni. Anasema pia tumembana mno mtoto na mambo ya ukoo ndiyo maana hana marafiki. Mwalimu wa darasa aliniambia ni utani wa watoto, utapita. Sijui nishike lipi. Je, ni sisi tunaomwumiza mtoto kwa kumlea hivi?"

Dada yangu, pole. Nianze na hilo swali lako la mwisho, kwa sababu naona ndilo lililokufanya ushike simu uandike barua ndefu namna hii. Hapana, si nyinyi. Mtoto wenu ameumizwa na neno analoitwa kila siku, na limeendelea kuumiza kwa sababu kuna mtu mzima alilisikia akasema ni utani tu. Kirundi cha bibi kilikuwepo miaka 13 yote bila kumwuma tumbo. Kilichobadilika mwezi wa tatu ni shule.

Ila mume wako naye nisingemfukuza barazani haraka. Katika mambo matatu anayosema, moja nadhani amekosea, moja amekosea nusu, na moja ana hoja ambayo wewe hujaiona. Tutafika huko.

Kwanza huo "utani". Mimi ni Mgogo wa Kongwa, nimekulia ndani ya utani. Kwetu Mnyamwezi akija msibani anaweza kujilaza palepale panapochimbwa kaburi, akagoma kutoka mpaka alipwe chochote, na wafiwa waliokuwa wanalia wanajikuta wanacheka. Hakuna anayekasirika, kwa sababu kesho msiba ukiwa kwake nitakwenda mimi nimfanyie vilevile. Huyo mtani anayenitukana ndiye anayebeba jeneza langu. Utani una mambo mawili: una kurudishiana, na una wajibu. Ukimwona mtu anatania upande mmoja tu, na aliyetaniwa hana cha kurudisha, na siku ya shida mtaniaji haonekani, hapo pana jina lingine. Muulize mwanao swali moja: "Na wewe huwa unawaitaje?" Akikujibu "siwaiti chochote", umeshapata jibu la kumpelekea mwalimu wa darasa.

Na nikwambie kitu kingine, labda kitakupa moyo au kitakuchekesha. Sekondari nilisoma bweni, mkoa wa mbali na huku. Kwa miaka miwili jina langu lilikuwa Ombaomba, kwa sababu Wagogo, kama unavyojua, tumebandikwa hilo la kuombaomba mijini. Chakula kikibaki mezani mtu ananisukumia sahani: "Haya Mgogo, omba basi." Bwalo zima linacheka, na mimi nacheka nao. Nilicheka miaka miwili. Likizo nikirudi nyumbani mama ananiuliza shule ikoje, namwambia nzuri. Mama alikuwa ameuza mbuzi wanne ili niende ile shule. Ningemwambiaje?

Nimeisimulia kwa sababu moja. Watu wengi wanadhani mtoto anayetoka familia iliyoshikamana ataleta maumivu yake nyumbani. Mara nyingi ni kinyume. Mtoto anayewapenda wazazi wake, anayeona baba anarudi na vumbi la saruji kichwani na mama anafungua mabelo saa kumi na moja alfajiri, huyo ndiye anayeficha. Anajua mmetoka wapi. Anajua bibi alivuka mpaka na nini mkononi. Akilinganisha na "wananiita Ugari", anaona aibu hata kulitaja. Kwa hiyo ukimya wake usiusome kama ukaidi, wala kama dalili kwamba hawapendi tena. Anawalinda. Na mgongo wa miaka 13 hauwezi kubeba kazi hiyo peke yake.

Sasa tumbo. Mpeleke kituo cha afya apimwe kwanza, maana minyoo na vidonda vya tumbo havichagui siku. Lakini maumivu yanayokuja Jumapili jioni na kupotea Ijumaa mchana yanajieleza. Mtu akikaa mahali anapotegemea kudhalilishwa muda wowote, mwili wake unajiweka tayari kama vile kuna hatari: moyo unakwenda mbio, usingizi unakuwa mwepesi, homoni za msongo zinapanda, na tumbo, ambalo lina mishipa mingi ya fahamu inayowasiliana na ubongo, linakuwa la kwanza kulalamika. Hajifanyi. Yanauma kweli. Na wakati huohuo akili inafanya kazi mbili: jicho moja ubaoni, jingine linaangalia nani anageuka kumtazama na nani ananong'ona nyuma. Mwalimu anauliza swali, jibu analijua, lakini hanyanyui mkono kwa sababu akifungua mdomo kuna mtu atasema "ugari". Nafasi ya 6 inakuwa ya 31 kwa njia hiyo. Uwezo wake haujakwenda popote.

Umri nao umechangia. Darasa la nne angelia, angekwambia, yangeisha. Katika umri wa miaka 13 maoni ya wenzake yana uzito kuliko yatakavyokuwa tena maishani mwake, na ndiyo kwanza ameingia shule mpya ambako kila mmoja anatafuta nafasi yake. Kuna jambo la kuchekesha kidogo hapa. Dodoma mjini ilihesabiwa watu takriban 411,000 kwenye sensa ya 2012, na zaidi ya 760,000 kwenye sensa ya 2022. Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa kweli mwaka 2016, tulipokea wageni kutoka kila kona. Ninaweza kukuwekea dau kwamba nusu ya hao wanaomwita mwanao mkimbizi wamefika hapa juzi na lori la mizigo, na bibi zao nao wana lafudhi. Mtoto anayeogopa kuonekana mgeni humtafuta aliye mgeni kumzidi.

Tuje kwenye Kirundi. Hoja ya mume wako inaeleweka: kama lugha ndiyo inayochekwa, tuiondoe. Tatizo ni kile mtoto atakachokisikia. Mkiiacha lugha mwezi huu, baada ya wenzake kumcheka, atafanya hesabu yake: "Kumbe walikuwa na haki. Hata baba anaona ni aibu." Mtakuwa mmewapigia kura wale wa dirishani. Na kitu cha pili atakachopoteza ni bibi. Kwa barua yako naona bibi ndiye mtu mzima anayekaa nyumbani wakati nyinyi mko kazini. Ndiye anayempokea akitoka shule. Mkikata lugha kati yao, mmemnyang'anya msikilizaji wa karibu kuliko wote katika mwaka anaomhitaji kuliko yote.

Jambo hili limechunguzwa sana kwingine. Marekani, kuanzia mwaka 1992, wanasosholojia Alejandro Portes na Rubén Rumbaut waliwafuatilia watoto wa wahamiaji zaidi ya 5,000 waliokuwa shuleni Florida ya kusini na San Diego, wakiwa na miaka 14 hivi, wakawarudia kwa takriban miaka 10. Waliokuwa wakizungumza vizuri lugha mbili, ya nyumbani na ya shule, hawakurudi nyuma kwa sababu ya lugha ya pili. Kwa wastani waligombana na wazazi mara chache, walijithamini zaidi na walikuwa na malengo makubwa zaidi ya masomo kuliko waliobaki na lugha ya shule tupu. Hali iliyoleta shida zaidi ilikuwa ya nyumba ambamo mtoto anakimbilia lugha na mwenendo wa nje haraka, mzazi anabaki nyuma, na katikati hakuna lugha ya kuelewana. Uchunguzi mwingine ulioongozwa na mwanasaikolojia John Berry katika nchi 13 ulikuta kwamba vijana wa familia za wahamiaji walioshika pande zote mbili, asili yao na jamii wanamoishi, walikuwa na hali nzuri zaidi ya akili na ya shule. Ulikuta pia kwamba kadiri kijana anavyobaguliwa ndivyo hali yake inavyokuwa mbaya.

Nakuonya usizichukue habari hizo kama zilivyo. Kule ngozi inamtambulisha mtu kabla hajafungua mdomo. Hapa mwanao na wenzake wanafanana, Kirundi na Kiha cha Kigoma ni ndugu wa karibu kiasi kwamba Muha wa Kasulu na bibi yenu wanaweza kuzungumza kila mmoja kwa lugha yake. Kinachomtofautisha mtoto wenu ni herufi moja ya r na historia. Hilo lina uzuri wake, lakini pia lina mtego: kwa kuwa anaweza kujificha, atashawishika kujificha. Na anayejificha anaishi kwa hofu ya kugunduliwa, kitu ambacho kinachosha kuliko kutukanwa.

Mume wako, kwa kukisia tu, alijifunza kujificha kwa sababu nzuri. Kama alikulia kwenye makazi ya Katumba, Mishamo au Ulyankulu, basi alikulia wakati ambapo hata kutoka makazini kulihitaji kibali, na kunyamaza mbele ya mtu usiyemjua ilikuwa busara. Zile hati za uraia zilizoanza kutolewa mwaka 2014 kwa watu zaidi ya 160,000 zilibadilisha sheria. Hazikubadilisha mwili wa mtu aliyezoea kunyamaza miaka 30. Usibishane naye kwa utafiti niliokutajia. Mwombe akusimulie yeye alikuwa anaitwaje alipokuwa na miaka 13, na alimwambia nani. Nadhani baada ya hapo mazungumzo yenu yatakuwa ya aina nyingine.

Na sasa ile hoja yake ambayo hujaiona. Anasema mmembana mtoto na mambo ya ukoo. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta siku ambayo huyu kijana ana saa mbili za kwake, sijaiona, ingawa najua barua haisemi yote. Jiulize mwenyewe: Jumamosi yuko Sabasaba anakusaidia kupanga nguo? Jumapili ni kanisani, halafu kwa mjomba mpaka usiku? Bibi akienda kliniki, ni yeye anayekwenda kutafsiri kwa daktari? Kutafsiri si kubaya, watoto wengi wa familia kama zenu hukua wakiwa makini na wenye huruma kwa ajili ya kazi hiyo. Lakini mtoto akitafsiri habari za presha na matokeo ya vipimo vya bibi yake, anakuwa mtu mzima kabla ya wakati, na anajua mambo asiyoweza kumwambia rafiki. Hiyo kazi ichukueni nyinyi wenyewe, au mjomba. Mwachieni mtoto kutafsiri dukani na kwenye daladala.

Kushikamana kwenu ndiko kunakomfanya bado aamke Jumatatu akaenda, hata kama ni kwa vita. Sitaki mlegeze mshikamano huo. Nataka muufungulie mlango wa nje. Familia inaweza kumpa mtoto uhakika kwamba anapendwa, na uhakika huo unapunguza makali ya ubaguzi. Haiwezi kumpa mtu wa kukaa naye wakati wa mapumziko saa nne. Hiyo ni kazi ya rafiki, na habari njema ni kwamba hahitaji kumi. Mtoto anayeonewa akiwa na rafiki mmoja wa kweli hali yake huwa tofauti sana na ya aliye peke yake. Mruhusu Jumamosi mchana aende uwanjani acheze, au kikundi cha skauti, au kwaya yenye vijana wa kila aina. Na kama kuna mmoja darasani asiyecheka, mwambie amlete nyumbani. Bibi apike isombe, kile kisamvu chake cha karanga. Nimeona ubishi mwingi wa makabila ukiishia kwenye sufuria ya kisamvu.

Utaanzaje kuongea naye? Usimkalishe mezani. Vijana wa umri huo husema wakiwa na kazi mkononi na wakiwa hawatazamwi usoni. Mwombe akusaidie kubeba belo, au mwe mnachambua maharage, kisha wewe uanze na yako, siyo yake. "Mimi nilipokuja Dodoma, mteja mmoja aliniuliza kama sisi huwa tunakula panya. Nilikaa na lile neno wiki nzima." Halafu nyamaza. Asiposema kitu siku hiyo, usimbane. Umemwonyesha kwamba nyumbani kwenu neno hilo linatajika. Akisema, usiruke na "wapuuze" wala "ngoja nikamwonyeshe huyo mtoto wa watu". Mwulize ilikuwaje, nani alikuwepo, yeye angependa nini kifanyike. Mwambie wazi kwamba ni kosa lao na kwamba mtu mzima anapaswa kulizuia.

Hapa kuna mpaka ambao wazazi wengi wanauvuka bila kujua. Kumwandaa mtoto kwamba kuna watu watamdharau kwa asili yake, na kumpa maneno ya kujibu, kunamsaidia, hasa kukiendana na kumfundisha fahari ya kwao. Kumfundisha kwamba watu wa huku wote ni wabaya, usile kwao, usimwamini mtu, ni kitu tofauti, na kwa kawaida kinamletea mtoto upweke na hasira. Kama bibi ana maneno ya namna hiyo, na baada ya aliyoyaona nani atamlaumu, mwombe kwa heshima ayaweke kando mbele ya wajukuu.

Jambo jingine la kuangalia ni jibu la "sisi si wakimbizi, tuna uraia". Ni kweli, na mtoto alijue. Ila lisimamie hapo tu, lisiwe njia ya kuwasukumia wengine dharau. Kule Kigoma, kambi za Nyarugusu na Nduta zimelea watoto wengi walioitwa wakimbizi kwa sababu ndivyo walivyokuwa, na hawakuiba kitu. Bibi yake naye alikuwa mkimbizi. Kijana anayeweza kusema "bibi yangu alikuwa mkimbizi, mimi ni mtu wa Dodoma, wewe una shida gani?" huyo neno limemwishia meno. Lakini hafiki hapo kwa wiki mbili, na msimlazimishe kusema asichokiamini bado.

Sasa shule. Hapa sitakuwa mpole sana, kwa sababu hapa ndipo jambo lilipozaliwa na ndipo linapopaswa kuzimwa. Nendeni wawili, wewe na baba. Mzazi wa kiume akifika, kwa bahati mbaya, husikilizwa haraka zaidi, na kwa mtoto wenu kumwona baba pale ni dawa. Kabla ya kwenda, andika kwenye daftari: tarehe unazozikumbuka, neno lililosemwa, mbele ya nani, siku alizoumwa tumbo, nafasi ya Machi na ya Juni. Usiseme "wanamtania". Sema "anaitwa mkimbizi kila siku tangu Machi, na anaumwa". Kisha ombeni vitu vinavyoshikika: neno hilo likatazwe darasani kwa sauti ya mwalimu, wale vinara waitwe mmoja mmoja wala si mbele ya wote, mwalimu wa malezi na unasihi akae na kijana wenu, na mkutane tena baada ya wiki mbili. Kitu kimoja mkatae: mwalimu mwenye nia njema kumsimamisha mbele ya darasa "awaeleze wenzake historia ya Burundi". Atataka ardhi ipasuke.

Mkiambiwa tena ni utani, mjue kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mtoto kwa misingi mingi, na ndani yake imetaja lugha, asili ya kabila, kuzaliwa, na hata kuwa mkimbizi. Sikutumi ukamsomee mwalimu sheria. Nakwambia ili usiingie ofisini ukiwa umeinama. Kutoka kwa mwalimu wa darasa kuna mkuu wa shule, kutoka kwa mkuu kuna ofisi ya elimu sekondari ya Jiji, na kuna afisa ustawi wa jamii, ambaye watu humkumbuka kwa kesi za matunzo tu wakati hili nalo ni lake. Namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure, na kijana mwenyewe anaweza kuipiga bila kukuomba ruhusa. Mwandikie mahali.

Kumhamisha shule? Wazazi wengi hulifikia hili mapema mno. Ni halali pale ambapo shule imeambiwa, imepewa muda, na bado haifanyi kitu, au pale anapopigwa. Vinginevyo atahama na hofu yake, na shule ya pili nako bibi atakuwa na lafudhi ileile. Mkihama, yeye mwenyewe ashiriki kuchagua.

Kwa haraka, karatasi: cheti chake cha kuzaliwa na hati zenu za uraia ziwekeni pamoja mahali pakavu, na mfike Uhamiaji mjue hadhi yake imeandikwaje sasa, msingoje afike miaka 18 akaombe kitambulisho cha taifa ndipo maswali yaanze. Mtoto anayejua karatasi zake ziko sawa husimama tofauti.

Je, lini mwende kuonana na mtu ana kwa ana? Mkishafika shuleni mkaanza kuzungumza nyumbani, mpeni kama mwezi. Ila msingoje mwezi kama hapati usingizi, hataki kula, ameacha hata mpira aliokuwa anaupenda, au huzuni yake imeshika kutwa nzima kwa wiki mbili. Na akisema neno lolote la kutaka kufa, "bora nisingezaliwa", "mtapumzika nikiondoka", au ukaona amejikata, ni siku hiyohiyo, msimwache peke yake, na dawa na sumu za panya ziondoke nyumbani. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, hii tunayoiita General, wana huduma ya afya ya akili. Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, nako wanaona wagonjwa wa nje, watoto wakiwemo. Najua jina hilo linavyotumika Tanzania nzima kama tusi, "wewe wa Mirembe", na najua mume wako anaweza kusita. Mwambie wanaopita geti lile asubuhi ni watu kama sisi, wengine na sare za shule, wanaongea na mtu kwa muda wa saa moja kisha wanapanda bodaboda kurudi nyumbani.

Limebaki la bibi. Kumzuia asikanyage shuleni kungemfundisha kijana kwamba kuna watu wa nyumbani wa kufichwa, na bibi mwenyewe angeelewa sababu hata msipomwambia. Lakini kumpeleka kesho kutwa kwa nguvu ili mthibitishe jambo, nako ni kumtumia mtoto. Kikao kijacho aende baba. Kirundi kiendelee nyumbani kati yenu wakubwa na kwa yule mdogo kama kawaida, na mkubwa akijibu kwa Kiswahili mpokeeni kwa Kiswahili, bila kumkaripia wala kumcheka. Jioni umeme ukikatika, bibi awasimulie hadithi za Bakame, yule sungura mjanja, amsimulie mdogo, na mkubwa awe palepale anajifanya anachaji simu. Muhula ukiisha, bibi mwenyewe amuulize, kwa Kirundi, kama angependa aje siku ya kufunga shule. Akijibu hapana, bibi aseme sawa, mwana wanje, yaani mwanangu, na amwulize tena muhula unaofuata.